Imani na Akili: Sharti la Kupatana

Mazungumzo ya leo yanahusu swali la kale ambalo kila kizazi hulirudia kwa lugha yake: je, imani ya dini inapatana na akili, au anayeingia katika dini hana budi kuivua akili yake kama anavyovua viatu mlangoni mwa msikiti?

Kabla ya kulijibu swali hilo ni vyema maneno mawili yafafanuliwe, kwa maana mabishano mengi huzaliwa pale ambapo watu wawili hutumia neno moja huku kila mmoja akikusudia lake. Akili, kwa makusudio ya mazungumzo haya, ni uwezo wa binadamu wa kulipima jambo kwa ushahidi na kwa hoja, yaani uwezo wa kuuliza "umejuaje?" na kutoridhika mpaka jibu linaloeleweka lipatikane. Imani nayo ni kulikubali jambo na kulitegemea, hata kuyajenga maisha juu yake, pale ambapo ushahidi uliopo haujamlazimisha kila mwenye akili timamu kulikubali. Kwa hiyo imani si maoni tu yanayokaa kichwani. Ndani yake mna kutumaini, kutii na kushikamana na jamaa ya waumini.

Hoja ya mazungumzo haya ni moja, nayo itarudiwa ili isipotee njiani: imani na akili hupatana, lakini hupatana kwa sharti, na sharti hilo ni kwamba kila dai la dini lijulikane ni dai la aina gani. Yako madai yanayopimika, yako mambo ambayo akili huitumikia imani, na yako maswali yanayovuka mipaka ya kipimo chochote. Mambo hayo matatu yakichanganywa, ugomvi hauepukiki. Yakitenganishwa, sehemu kubwa ya ugomvi huo huisha.

Kwanza, basi, ni madai yanayopimika. Haya ni madai yanayohusu ulimwengu unaoonekana, ambayo mtu yeyote, awe muumini au asiwe, anaweza kuyachunguza kwa macho, kwa hesabu au kwa majaribio. Mfano ulio wazi ni kupatwa kwa jua na mwezi. Katika hadithi mashuhuri iliyomo katika mkusanyiko wa Bukhari inasimuliwa kwamba Mtume Muhammad alipofiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, jua lilipatwa, na watu wakasema kwamba limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Ingekuwa rahisi kwa kiongozi wa dini kulinyamazia jambo lililoonekana kumtukuza mbele ya wafuasi wake. Lakini Mtume aliwakatalia, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mungu ambazo hazipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu yeyote. Je, msikilizaji, hapo imani ilishindana na akili, au imani yenyewe ndiyo iliyoizuia dhana isiyo na ushahidi?

Funzo hilo lilichukuliwa kwa uzito na mwanachuoni al-Ghazali, aliyezaliwa Tus, katika Iran ya leo, mwaka 1058 na kufariki mwaka 1111. Wengi humtaja kuwa adui wa falsafa, kwa sababu aliandika kitabu kizima, Tahafut al-Falasifa, cha kuwakosoa wanafalsafa. Lakini katika utangulizi wa kitabu hicho hicho alieleza kwamba mwezi hupatwa kwa sababu dunia huingia kati ya mwezi na jua, kwamba jambo hilo limethibitishwa kwa hesabu zisizoacha shaka, na kwamba anayedhani kuwa ni wajibu wa kidini kulipinga huidhuru dini yake mwenyewe. Kwa maoni yake, madhara ya rafiki anayeitetea dini kwa njia isiyofaa ni makubwa kuliko ya adui anayeishambulia kwa njia inayofaa, kwa kuwa anayeijua hesabu hatayatilia shaka mahesabu yake, bali ataitilia shaka dini inayopingana nayo. Karibu karne saba kabla yake, Agostino wa Hippo, askofu wa Kiafrika aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Algeria, alikuwa amewaonya Wakristo vivyo hivyo katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Mwanzo: Mkristo akisema upuuzi kuhusu nyota na majira mbele ya mtu asiyeamini lakini aliyesoma mambo hayo, msomi huyo ataaminije maneno ya Mkristo huyo kuhusu ufufuo?

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kipete, yaani mwezi ulilifunika katikati na kuacha duara la mwanga pembeni, na watu wakakusanyika Rujewa, wilayani Mbarali katika mkoa wa Mbeya, kulitazama tukio ambalo wataalamu wa elimu ya anga walikuwa wamekwisha kulitangaza siku na saa yake muda mrefu kabla. Mwislamu aliyesali swala ya kupatwa kwa jua siku hiyo hakuwa na haja ya kumkanusha mtaalamu, wala mtaalamu hakuwa na hoja ya kumzuia kusali, kwa sababu mmoja alieleza jinsi jua linavyopatwa, na mwingine alimwelekea Muumba wa hilo jua.

Lakini je, inakuwaje pale ambapo dai la dini linalopimika linapimwa na kuonekana si kweli? Historia ya Tanzania ina mfano mzito. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale, aliyekuwa akiishi Ngarambe katika nchi ya Wamatumbi, aliwagawia watu maji ya dawa ambayo yaliaminiwa kuwa yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Watu waliochoshwa na kulazimishwa kulima pamba, kulipa kodi na kupigwa viboko waliungana, makabila ambayo hayakuwahi kusimama pamoja yakasimama pamoja, na vita vya Maji Maji vikaendelea hadi mwaka 1907. Risasi hazikugeuka maji. Watu wengi mno waliuawa, na njaa iliyofuata ikawamaliza wengi zaidi.

Ni rahisi kusema kwamba hapo akili ilishinda na imani ikashindwa, kisha mjadala ukafungwa. Hata hivyo, akichunguza kwa makini, msikilizaji ataona kwamba ndani ya imani ile mlikuwa na madai mawili yaliyofungwa pamoja. Dai la kwanza, kwamba maji yanazuia risasi, lilikuwa la kupimika, nalo lilipimwa kwa gharama ya damu na kubainika kuwa si kweli. Dai la pili, kwamba kumtumikisha mtu kwa nguvu katika ardhi yake ni dhuluma ambayo hakuna mamlaka ya haki yanayoweza kuihalalisha, halikupimwa na risasi, kwa sababu risasi haina uwezo wa kulipima. Si ajabu kwamba Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile iliyochapishwa mwaka 1969, alilitazama tukio hilo kwa jicho la kuuliza neno linapata wapi nguvu ya kuwasukuma watu. Akili inayotenda haki hulikataa dai la kwanza pasipo kulitupa la pili. Na imani iliyokomaa huliokoa la pili kwa kukubali kuliacha la kwanza.

Kipimo hicho hicho kinafaa kutumiwa panapotangazwa uponyaji. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, dawa ambayo mchungaji mstaafu aliyejulikana kama Babu wa Loliondo alisema ameoteshwa na Mungu. Kwamba mtu ameoteshwa ni jambo ambalo hakuna chombo cha kulichunguza. Lakini kwamba anayekunywa dawa hiyo hupona kisukari au Ukimwi ni dai linaloweza kuchunguzwa hospitalini, kwa kumpima mgonjwa kabla ya kunywa na baada ya kunywa. Anayesema "nenda kaombewe, kisha rudi ukapimwe" hajamkosea Mungu kwa lolote. Anayesema "ukipimwa umekosa imani" ndiye anayepaswa kutiliwa shaka, kwa kuwa ameihamisha imani kutoka kwa Mungu na kuiweka kwenye chupa yake mwenyewe.

Basi, hilo ndilo la kwanza, na linarudiwa: dai la dini linalohusu jambo linaloonekana lina wajibu wa kusimama mbele ya ushahidi sawa na dai jingine lolote. La pili ni kwamba katika mambo mengi akili haiji kama hakimu wa imani wala kama mpinzani wake, bali huja kama mtumishi, na mtumishi huyo amefanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Chukueni mfano wa kibla. Sheria ya Kiislamu inamtaka anayesali aielekee Kaaba, lakini mtu aliye mbali atajuaje Kaaba iko upande gani? Swali hilo la ibada liliwasukuma wanazuoni kama al-Biruni, katika karne ya 11, kupima mahali pa miji juu ya uso wa dunia na kuikuza hesabu ya pembe. Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki jibu lake ni jepesi kwa namna ya pekee, kwa kuwa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zimekaa karibu katika mstari ule ule wa longitudo na Makka, hivyo kibla chao ni karibu kaskazini moja kwa moja. Zaidi ya hayo, mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 28 Mei na tarehe 16 Julai, jua husimama juu kabisa ya Kaaba muda mfupi baada ya saa sita mchana. Na kwa vile saa za Makka na za Afrika Mashariki ni moja, mtu wa Tanga akisimamisha fimbo wima wakati huo ataona kivuli chake kikielekea upande ulio kinyume na kibla.

Mfano mwingine ni mwezi wa Ramadhani, ambao kuandama kwake huwagawa watu wa mtaa mmoja, hawa wakifunga na wale wakiwa bado wanakula. Wengi hudhani kwamba huo ni ugomvi kati ya sayansi na dini, lakini sivyo hasa. Hesabu za elimu ya anga zinaweza kueleza, miaka mingi mbele na kwa usahihi wa dakika, ni lini mwezi mpya huzaliwa, na kama jioni fulani utatangulia kutua kabla ya jua, hata isiwezekane kuuona. Kinachobaki ni swali la fikihi, yaani elimu ya sheria za ibada: je, inatosha mwezi uonekane katika nchi yoyote, au kila eneo lenye matlai yake, yaani mahali pake pa kuchomoza, liutazame lenyewe? Swali hilo darubini haiwezi kulijibu, kwa maana halihusu mahali ulipo mwezi bali linahusu agizo la ibada na namna ya kulifahamu. Hapa akili hufanya kazi mara mbili, kwanza katika kuhesabu na pili katika kufasiri maandiko, na wanaogombana kwa kweli ni wafasiri wawili, kila mmoja akiwa na hoja zake.

Wakristo nao wana historia inayofanana na hiyo. Tarehe ya Pasaka hutegemea jua na mwezi kwa pamoja, na kwa sababu kalenda ya zamani ilikuwa imepotoka kwa siku kadhaa, Papa Gregori wa Kumi na Tatu aliirekebisha mwaka 1582, kwa msaada wa wanahisabati akiwemo Mjesuiti Christopher Clavius, na siku 10 zikaondolewa katika mwezi wa Oktoba. Kalenda inayotundikwa leo ukutani mwa ofisi, hata ofisi ya mtu asiye na dini, imetokana na haja ya kusali katika siku inayostahili.

Katika pwani hii hii, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeishi kuanzia mwaka 1891 hadi 1947 na ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyatumia magazeti yake, Sahifa na Al-Islah, katika miaka ya 1930, kuwahimiza Waislamu wasome elimu ya kisasa na waachane na mazoea yasiyo na msingi katika dini. Fikra zake zilikuwa na uhusiano na zile za Muhammad Abduh wa Misri, aliyefundisha kwamba wahyi, yaani ufunuo wa Mungu kwa mitume, na akili aliyoiumba Mungu huyo huyo haviwezi kupingana vikieleweka sawasawa. Hoja hiyo nayo ilikuwa na mizizi mirefu, kwani Ibn Rushd, kadhi wa Sevilla na Cordoba aliyefariki mwaka 1198, alikuwa ameitetea kama suala la sheria: kama Qurani inawataka watu wavizingatie viumbe, basi kuvichunguza kwa akili ni kutii amri. Lazima ikumbukwe pia kwamba Ibn Rushd alihamishwa mjini na vitabu vyake vikachomwa moto mwaka 1195, kabla hajarudishiwa heshima yake, ishara kwamba kupatana kwa imani na akili hakujawahi kuwa jambo la bure.

Hilo ndilo la pili: akili inaweza kuitumikia imani pasipo kuiharibu. La tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo ni maswali yanayovuka mipaka ya kipimo. Je, yuko Mungu? Je, ulimwengu una makusudi? Je, kifo ndicho mwisho? Hapa hakuna mizani ya maabara, lakini hilo halina maana kwamba akili imeishiwa na kazi, kwa kuwa bado inaweza kutoa hoja, kuzipima hoja za wengine, na kukiri mipaka yake.

Kukiri mipaka ni kazi iliyofanywa vyema na Thomas wa Aquino, mwanateolojia wa Kikatoliki wa karne ya 13. Yeye aliamini kwamba akili inaweza kufikia kujua kuwa Mungu yuko. Lakini kuhusu dai kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo alishikilia kwamba akili haiwezi kulithibitisha, kwamba hilo hukubaliwa kwa imani, na kwamba kulitetea kwa hoja dhaifu ni kuwapa wasioamini sababu ya kucheka. Karne karibu saba baadaye, padre wa Ubelgiji, Georges Lemaître, ambaye alikuwa pia mtaalamu wa fizikia, alionyesha mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na wazo lake la mwaka 1931 likawa msingi wa nadharia ya mlipuko mkuu, yaani maelezo kwamba ulimwengu ulianzia katika hali iliyobanana mno. Mwaka 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili alipozungumza kana kwamba sayansi hiyo inashuhudia uumbaji, Lemaître hakufurahi. Kwa nini padre asifurahie nadharia yake kutumiwa kumtetea Mungu? Kwa sababu alijua kwamba nadharia ya fizikia inaweza kurekebishwa kesho, na imani iliyotundikwa juu yake ingeanguka pamoja nayo.

Hapana budi pingamizi mbili zisikilizwe kwa haki. Ya kwanza ni ya mwanahisabati Mwingereza William Clifford, ambaye mwaka 1877 alieleza habari ya mwenye meli aliyezizima shaka zake mwenyewe, akajiaminisha kwamba meli yake mbovu ni salama, na abiria wakazama. Kwa Clifford, mtu huyo ana hatia hata kama aliamini kwa dhati, na hata kama meli ingefika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini pasipo ushahidi. Mwaka 1896 Mmarekani William James alimjibu kwamba yako maamuzi makubwa ambayo mtu hawezi kuyakwepa na ambayo ushahidi hauwezi kuyakata, na katika hayo mtu ana haki ya kuamini. Nani kati yao ana haki? Wote wawili, endapo aina za madai zitatenganishwa: meli inaweza kukaguliwa, kwa hiyo anayeamini bila kuikagua ana hatia, na ruhusa ya James huanza pale tu ukaguzi unapokuwa umefika mwisho, si kabla.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nayo ni mateso. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Lisbon wakati makanisa yamejaa waumini, na wanafikra wa Ulaya kama Voltaire wakauliza vipi Mungu mwema na mwenye uwezo wote aliruhusu jambo hilo. Swali hilo halijapata jibu linalowaridhisha wote, na muumini anayedai kuwa nalo mfukoni hajalielewa. Lakini inafaa kukumbuka kwamba katika kitabu cha Ayubu, rafiki zake waliokuja na maelezo yaliyonyooka, kwamba anateseka kwa kuwa ametenda dhambi, ndio wanaokemewa na Mungu mwishoni, ilhali Ayubu aliyelalamika na kuuliza ndiye anayesifiwa kuwa amesema sawa. Maandiko yenyewe, basi, yamelipa swali la uaminifu heshima kubwa kuliko jibu la haraka.

Kwa muhtasari, wasikilizaji wapendwa: dai linalopimika lipimwe, jambo ambalo akili inaweza kulitumikia, ilitumikie, na swali linalovuka kipimo lijadiliwe kwa hoja, kwa unyenyekevu, bila kujifanya kwamba limethibitishwa. Kwa hiyo kila anapohubiriwa, mtu ana haki ya kuuliza kwa adabu: dai hili ni la aina gani, na ni jambo gani likitokea litakufanya ulibadili? Kwa dai linalopimika, mhubiri mwaminifu atakuwa na jibu. Kwa swali la kumjua Mungu, atakiri kwamba anasimama juu ya tumaini, atatoa sababu zake, na hatamkasirikia anayetofautiana naye. Anayekasirika kwa kuulizwa tu hajaonyesha kwamba imani na akili ni maadui. Ameonyesha kwamba yeye binafsi ana jambo ambalo hataki lichunguzwe.